Mashine ya Upepo Inapopungukiwa na Nguvu

Leo twapenda kusema nanyi habari za upepo. Si ule utokao baharini wakati wa kusi, bali ule utengenezwao na mashine ili kuwasha makaa ya mhunzi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Huko Buhaya, katika nchi ya Kagera, wazee waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, wakipeleka upepo tanuruni kwa vibomba vya udongo. Siku hizi, kwa mafundi wa chuma wa Gerezani, karibu na Kariakoo, mota ya umeme na feni hufanya kazi ya mivukuto. Lakini swali ni lile lile: moto ukififia, upepo umepotelea wapi?

Wengi hukimbilia kuongeza mwendo wa mashine, au kununua nyingine. Hasara hutoka hapo. Feni ikizungushwa mara mbili ya mwendo wake, upepo huongezeka mara 2, lakini nguvu itakiwayo huongezeka mara 8. Mota huungua, na mapanga yaweza kuvunjika na kumrukia mtu. Basi yafaa kuufuata upepo hatua kwa hatua, tangu uingiapo hata ufikapo motoni.

Kabla ya kufungua kitu, zima umeme kwenye swichi kubwa, ungoje mapanga yasimame kabisa.

Kwanza, tazama mdomo uvutao hewa. Vumbi na nyuzi za magunia huziba wavu wake. Pili, tazama mkanda. Ukilegea huteleza na kupiga kelele, na mota huzunguka upesi huku feni ikisuasua. Tatu, tazama mapanga, kama yameshika uchafu au yamelika. Nne, tazama viungo vya bomba: washa mashine, upake povu la sabuni, penye mapovu yanayovimba ndipo upepo unapovuja. Mwisho, tazama tundu la motoni, maana majivu yaliyoyeyuka huganda na kuliziba.

Iko hila moja iwadanganyayo hata mafundi hodari. Mota ya umeme wa nyaya tatu huzunguka kinyume ikiwa nyaya mbili zimebadilishana mahali. Feni iliyo ndani ya kasha la duara haitavuta hewa badala ya kuipuliza. Itaendelea kupuliza mbele, ila kwa unyonge. Kwa hiyo, mashine ikitoka kutengenezwa, hakikisha yazunguka kama mshale wa kasha uonyeshavyo.

Nanyi wanafunzi, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mkaupinde kama herufi U, mkatie maji hata nusu. Ncha moja iungwe na tundu dogo kwenye bomba, karibu na feni. Ya pili iachwe wazi. Mashine ingali nzima, pimeni tofauti ya kimo cha maji pande mbili, mkaandike. Upepo ukipungua, pimeni tena. Tofauti ikizidi ile ya kwanza, kizuizi kiko mbele, upande wa moto. Ikipungua, tafuteni kwenye mdomo wa hewa, mkanda, mapanga, au uvujaji. Hivyo maji yatawaambia pa kuanzia.

Neno moja kwa wakaao Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufundisha kwamba maji hayabishi hodi. Mashine iwekwe juu ya jukwaa. Ikiwa imezama, isiwashwe ili kujaribu tu. Mapanga yaoshwe tope, na mota ikaushwe na kupimwa na fundi umeme kwanza.

Mashine ya upepo ni chakula cha nyumba ya fundi. Atazamaye kwanza na kufungua baadaye huokoa fedha yake, na vidole vyake pia.