Kabla Hujaiwasha, Kata Leseni

Ndugu msikilizaji unayeishi Uingereza, umenunua televisheni? Kama utaitumia kutazama vipindi vya moja kwa moja, kabla hujaiwasha, kata leseni. Ndiyo, leseni, kama ya gari! Hata mpira ukiutazama moja kwa moja kwenye simu, leseni inatakiwa.

Fungua tovuti ya TV Licensing. Andika jina na anwani yako, kisha lipa kwa kadi. Ya mwaka mzima ni nzito? Chagua kulipa kila mwezi, benki ikate yenyewe. Wenye noti mkononi, nendeni duka lenye alama ya PayPoint.

Leseni moja inatosha familia nyumbani. Lakini umepanga chumba kwa mkataba wako mwenyewe? Leseni ya jirani wa chumba cha pili haikuhusu. Kabla hujaiwasha, kata yako.

Na mzee wa miaka 75 au zaidi anayepokea Pension Credit, msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, halipi. Ila aiombe leseni hiyo ya bure, haiji yenyewe.