Kazi Isiyozaa Kitu

Leo tuzungumze juu ya jasho linalopotea bure.

Huko Japani, katika viwanda vya magari vya Toyota, Bwana Taiichi Ohno aliwafundisha wafanyakazi kuwinda kila kazi isiyozaa kitu. Kwa Kijapani huitwa "muda". Ajabu, siyo? Kwetu muda ni wakati, na ndio huo hasa unaopotea.

Sasa tazama nyumbani. Mahindi yameanikwa nusunusu, yakaingia ghalani na unyevu. Yakishika ukungu, mama watoto anayatoa, anachambua, anaanika tena. Kazi moja mara mbili, na mgongo unaouma ni wake. Wewe unayesema familia kwanza, anzia hapo.

Chukua chupa kavu ya kioo. Tia mahindi theluthi yake, na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikisa vizuri, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani, juu ya turubai, siyo mchangani. Isiponata, weka ghalani.

Na yenye ukungu usimpe mtu, wala kuku. Yaweza kuwa na sumukuvu, nayo haiishi kwa kupikwa.