Idadi ya Vichwa Haitoshi

Katika maktaba za umma za jiji la Chicago, nchini Marekani, mwanafunzi aliyekwama kwenye kazi ya nyumbani anaweza kumpata mwalimu mwenye sifa baada ya masomo, tena bure. Huduma hiyo inaitwa Teacher in the Library. Swali gumu, hasa msimu wa bajeti, ni hili: inasaidia kweli?

Jibu la haraka ni kuhesabu waliohudhuria. Lakini, msikilizaji, mahudhurio 100 yanaweza kuwa watoto 100, au watoto 10 waliorudi mara 10 kila mmoja. Hayo ni mafanikio mawili tofauti kabisa. Ukisema tulinganishe alama za shuleni, nako kuna mtego: wanaokuja huenda tayari wana bidii, au ndio waliobaki nyuma zaidi. Isitoshe, sheria ya jimbo la Illinois inalinda siri za wanaotumia maktaba. Na ni haki. Mtoto kutoelewa hesabu za sehemu si jambo la kumfungulia faili.

Chicago yenyewe ilishaonyesha njia. Mwaka 2019 iliondoa faini za kuchelewesha vitabu, takwimu zikionyesha kwamba zilikuwa zikiwafungia nje zaidi wakazi wa maeneo maskini. Yaani takwimu zilimtafuta aliyekosa huduma, si aliyeipata. Huduma ya kazi za nyumbani nayo ipimwe hivyo: kwanza yatazamwe matawi ambayo mwalimu anakaa peke yake mezani, iulizwe kwa nini, ndipo bajeti iguswe.