Nani Amelipa? Viwango vya Matangazo na Uhariri katika Jarida la Wahitimu wa Chuo Kikuu

Jarida la wahitimu ni chapisho linalotolewa kwa vipindi maalumu na chuo kikuu, au na chama cha watu waliosoma chuoni hapo, kwa lengo la kuwaunganisha wahitimu na chuo chao na wao kwa wao. Tofauti na gazeti linaloning'inizwa barabarani, jarida hili halinunuliwi na msomaji wake. Humfikia kwa sababu jina lake limo katika orodha ya waliohitimu, naye hulisoma kwa imani ambayo hakuiweka kwa mhariri bali kwa chuo kilichomtunuku shahada. Imani hiyo ndiyo mtaji mkuu wa jarida, na ndiyo hasa mtangazaji anayoilipia anaponunua ukurasa. Hoja ya makala hii ni kwamba kiwango cha kwanza, kinachobeba vingine vyote, ni msomaji kuweza kutambua papo hapo nani amelipia kile anachokisoma, na kwamba kiwango hicho kinakibana chuo chenyewe kama kinavyoibana benki au kampuni ya simu.

Marekani ina uzoefu mrefu katika jambo hili. Jarida la wahitimu wa Yale lilianza mwaka 1891, la Harvard mwaka 1898, na la Princeton mwaka 1900. Yale na Harvard zilifikia mpango unaostahili kuangaliwa kwa makini: jarida la wahitimu huchapishwa na taasisi isiyo ya kibiashara iliyo kando na utawala wa chuo, ingawa jina la chuo limo kwenye jalada. Mpango huo unalinda kile kinachoitwa uhuru wa uhariri, yaani mamlaka ya mhariri kuamua nini kichapishwe na nini kiachwe bila kuomba idhini ya anayegharimia uchapishaji. Uhuru huo hauna maana kwamba mhariri hana bosi. Maana yake ni kwamba bosi huyo anaweza kumwajiri na kumwachisha kazi kwa utaratibu unaojulikana, lakini hawezi kumpigia simu usiku kumwambia aondoe habari.

Sheria za nchi hiyo nazo zina la kufundisha. Mwaka 1912 Bunge la Marekani liliamuru kwamba chapisho lolote linalonufaika na nafuu ya posta kwa magazeti na majarida liandike wazi neno la kuonyesha tangazo juu ya kila habari iliyolipiwa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria hiyo pale wachapishaji walipoipinga. Suala la kodi lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1947 kundi la watu waliokitakia mema kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New York lilikinunulia kampuni ya makaroni ya C.F. Mueller, kwa hesabu kwamba faida itakayokwenda chuoni isingetozwa kodi. Jibu la Bunge lilikuja mwaka 1950, kwa sheria inayotoza kodi mapato ya biashara isiyohusiana na lengo la taasisi. Matangazo ya majarida ya taasisi yalikuja kuangukia humo, na katika shauri la mwaka 1986 lililohusu jarida la chama cha madaktari, Mahakama ya Juu ilitazama jinsi matangazo yalivyopatikana: je, wahariri waliyachagua na kuyapanga ili yamwelimishe msomaji, au yaliingia kwa sababu tu mwenye bidhaa amelipa? Ilionekana kwamba fedha ndiyo iliyoamua, na mapato hayo yakahesabiwa kuwa ya kutozwa kodi. Swali hilo liliulizwa kwa ajili ya kodi, lakini hakuna swali bora ambalo mhariri anaweza kujiuliza mwenyewe anapopitia kurasa za toleo kabla halijakwenda mtamboni.

Afrika ya Mashariki ina vyuo vyenye wahitimu wa kutosha kuendesha majarida ya namna hii. Makerere ilianza mwaka 1922. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na wahitimu wake wana chombo chao, Baraza la Masajili. Tatizo ni fungu la fedha. Jarida linapoandaliwa na ofisi ya uhusiano ya chuo kwa bajeti finyu, mhariri hujikuta ndiye pia mtafuta matangazo: asubuhi anamwomba meneja wa benki anunue jalada la nyuma, na mchana anahariri makala inayohusu mikopo ya benki hiyohiyo. Kazi hizo mbili hazipaswi kukaa kwa mtu mmoja. Chuo kisicho na uwezo wa kuajiri watu wawili kinaweza kumpa mhasibu au mjumbe wa chama cha wahitimu jukumu la kupokea maombi, kutoa ankara na kukusanya malipo, mradi mhariri asishike fedha na mtafuta matangazo asiguse maandishi.

Hatari kubwa zaidi haitoki kwenye tangazo lenye mpaka na nembo, kwa kuwa hilo linajitambulisha lenyewe. Inatoka kwenye makala ya kulipiwa, yaani maandishi yaliyogharimiwa na mwenye bidhaa lakini yaliyopangwa kwa sura ya habari. Sampuli yake ni rahisi kuichora: kurasa mbili za mahojiano na mkurugenzi wa kampuni ya bima, mhitimu wa miaka ya 1980, picha yake akiwa amevaa fulana ya kampuni, maswali yote ya kumpisha aeleze huduma zake, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, namba ya simu ya kitengo cha mauzo. Hakuna jina la mwandishi. Ukurasa wa tatu kuna tangazo la kampuni hiyohiyo. Huenda mkurugenzi huyo anastahili kuandikwa kwa mafanikio yake, na hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo, kwani msomaji akishagundua kwamba sifa zile zimelipiwa hatawaamini tena hata wahitimu wengine walioandikwa kwa haki. Dawa yake ni neno TANGAZO juu ya kila ukurasa uliolipiwa, kwa herufi zinazosomeka bila kukaza macho, pamoja na aina ya herufi isiyofanana na ya habari. Vichwa kama "Makala Maalumu" au "Kwa Hisani Ya" havitoshi, maana vimebuniwa ili kuficha. Mkataba wa tangazo nao uwe na sharti lililoandikwa kwamba ununuzi wa nafasi hauambatani na ahadi yoyote ya habari.

Safu ya habari za wahitimu, ambayo wengi huifungua kwanza, inahitaji jicho la namna yake. Mhitimu anapoandika kwamba amefungua kliniki ya meno Morogoro, hiyo ni habari. Anapoongeza kwamba wahitimu wenzake watapata punguzo la bei mwezi huu, ameingia kwenye tangazo, na mhariri ana wajibu wa kuichapisha sentensi ya kwanza na kuielekeza ya pili kwa anayeuza nafasi. Taarifa za vifo zisichapishwe bila kuthibitishwa na ndugu wa marehemu, na zisitozwe malipo yoyote.

Yapo matangazo ambayo jarida la chuo kikuu halipaswi kuyapokea kwa bei yoyote. La kwanza ni la taasisi inayotoa shahada zisizotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au chombo cha aina hiyo katika nchi husika, na pamoja nalo wauzaji wa udaktari wa heshima kwa ada. Chuo kinachokesha kulinda thamani ya shahada zake hakiwezi kukodisha ukurasa kwa anayeishusha. Matangazo ya viwanja yanafuata kwa uzito, kwa kuwa mhitimu aliye ughaibuni hununua kiwanja cha Bagamoyo au Kigamboni akiwa hajakanyaga hapo. Muuzaji atakiwe kuonyesha nyaraka za upimaji na umiliki kabla nafasi haijathibitishwa. Mkopeshaji aonyeshe leseni yake. Upatu, tumbaku na kampeni za wagombea, wawe wahitimu au la, vikataliwe moja kwa moja.

Orodha ya anwani na namba za wahitimu isiuzwe wala kuazimwa kwa mtangazaji. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022, lakini hata bila sheria hizo mtu aliyeacha namba yake siku ya kuhitimu hakuiacha kwa ajili ya mawakala wa bima.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni chuo chenyewe kama mtangazaji. Chuo kinapowaomba wahitimu wachangie ujenzi wa bweni, ombi hilo ni tangazo halali, na liandikwe hivyo. Haliwi halali linapojigeuza habari inayosimulia uhaba wa vyumba bila kutaja fedha zilizokusanywa katika harambee iliyotangulia na mahali zilipokwenda. Jarida linalosherehekea kila jengo jipya na kunyamazia mgomo wa wanafunzi, au kesi kati ya chuo na watumishi wake, humfanya mhitimu azitafute habari hizo kwingine, na akishazipata kwingine hana tena sababu ya kuamini lile ombi la bweni. Kwa sababu hiyo mhariri asiwajibike kwa ofisi inayokusanya michango. Awajibike kwa bodi ya uhariri ambayo wajumbe wake walio wengi wamechaguliwa na wahitimu, yenye mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya wasomaji, kuagiza masahihisho yachapishwe katika toleo linalofuata, na kutoa sababu kwa maandishi endapo itaamua kumwondoa mhariri kabla ya muda wake.