TOVUTI HIZI ZIMETENGENEZWA KWA AJILI YA NANI?

Mazungumzo na vijana wa tawi, Manzese, Dar es Salaam



Nilipoitwa hapa niliambiwa nichague mwenyewe la kusema. Najua wengi mlitegemea niseme habari za kura. Nitazigusa, lakini nataka kuanza na tovuti. Naona wengine wanacheka. Chekeni, ila mkimaliza mniambie: nani hapa ambaye hajawahi kumlipa kijana wa steshenari amjazie fomu ya ofisi ya umma? Anyooshe mkono. Haya, sioni hata mmoja.

Elimu yangu ni kidato cha nne. Kompyuta sikuisomea. Lakini habari zangu nyingi mnazosoma nimeziandika kwa kidole gumba ndani ya daladala, nimesimama. Kwa hiyo asije mkubwa yeyote akaniambia kwamba sisi walalahoi hatujui mitambo.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike aliomba nafasi katika taasisi moja ambayo siitaji. Maombi ni kwa mtandao tu, ukienda na bahasha mlinzi anakurudisha getini. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Tukakaa na simu yake usiku. Tulichokutana nacho kwanza ni picha ya mkurugenzi. Ikafuata picha ya wakubwa wakikata utepe, kisha picha ya wakubwa hao hao wakipeana mikono, zinapishana zenyewe, na bando letu linayeyuka. Mahali pa kuombea tulipakuta chini kabisa kwa herufi ndogo, baada ya salamu za mkurugenzi. Kwani mtu anaingia pale kutafuta salamu?

Tukaanza kujaza. Jina letu la ukoo lina ng' yenye ritifaa, kama majina mengi ya Usukumani. Tovuti ikakataa, ikaandika kwa Kiingereza, kwa rangi nyekundu, kwamba kuna kosa. Kosa gani, liko wapi, haikusema. Tulibahatisha karibu saa nzima mpaka tukaondoa ile ritifaa, ikakubali. Tukashangilia. Kufika ukurasa wa nne ikatuambia jina halilingani na cheti! Cheti kina ritifaa, fomu haitaki ritifaa, sasa mtu afanyeje? Tukabonyeza kurudi nyuma, kurasa zote nne zikafutika. Tukalala.

Asubuhi tukaenda steshenari. Kijana wa pale hata hakushangaa. Akasema hapo kwenye ritifaa acha nafasi tupu, ndivyo inavyopenda. Nani alimfundisha? Watu waliokwama kabla yetu. Picha ilitakiwa isizidi kilobaiti 100 na simu ya mdogo wangu hupiga picha nzito mara nyingi zaidi ya hapo, akaipunguza. Shilingi 5,000. Sina ugomvi naye, ni mlalahoi mwenzetu anayetafuta riziki. Lakini shilingi 5,000 hiyo ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha, na anayetozwa ni yule asiye na kompyuta nyumbani.

Halafu nikaona kitu kilichonikosesha raha zaidi ya ile fedha. Kijana alifungua kaunta buku akaandika jina la mdogo wangu, namba yake ya kitambulisho cha taifa na nywila yake. Nikamuuliza ya nini. Akasema wateja husahau, wakirudi awasaidie. Alisema kweli, hana nia mbaya. Lakini mle ndani nimeona mtaa mzima! Nchi hii ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria imekaa Dodoma, na siri zetu zimekaa kwenye kaunta buku juu ya mashine ya fotokopi, kwa sababu fomu haijaziki bila msaada wa mtu wa pembeni.

Msidhani ni ushamba wa Afrika. Marekani, tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ya Obama ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili watu wapate bima ya afya. Mamilioni walibisha hodi. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha ni sita. Sita, ndugu zangu, wanaenea kwenye bajaji mbili! Sababu moja ilikuwa kwamba mtu alilazimishwa kufungua akaunti kabla hata ya kuona bei, wote wakasongamana kwenye mlango mmoja. Nyingine, mfumo mzima ulikuwa haujajaribiwa ipasavyo. Lakini kabla ya mwezi kwisha Waziri wa Afya, Kathleen Sebelius, alikuwa amesimama mbele ya wabunge wao akiomba radhi, akasema lawama ni yake. Mafundi wakaitwa, ikatengenezwa. Hapa kwetu ukilalamika unaambiwa mtandao uko chini, rudi kesho.

Niliahidi kugusa kura. Mwaka 2000, jimbo la Florida, wilaya ya Palm Beach, karatasi ya kura ilipangwa majina kushoto na kulia, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Jina la Al Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Wazee waliotaka Gore wakatoboa la pili. Kura zaidi ya 19,000 za wilaya hiyo zilitupwa kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Bush akachukua Florida kwa kura 537, na urais. Aliyepanga ile karatasi alikuwa wa chama cha Gore mwenyewe, na alitaka herufi ziwe kubwa ili wazee waone vizuri! Hakuna aliyeiba. Mpangilio tu.

Wataalamu watajibu kwamba wananchi waelimishwe kwanza. Mmarekani mmoja, Don Norman, aliandika kitabu mwaka 1988 akasema mtu akisukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, mwenye kosa ni aliyeutengeneza mlango. Na ushahidi mnao mfukoni. M-Pesa imekuwepo hapa Tanzania tangu 2008. Bibi yangu kijijini anatuma fedha kwa kitochi, hajawahi kuhudhuria semina. Menyu ni ya Kiswahili, kila hatua ina chaguo chache, na kabla fedha haijaondoka unahakikisha namba na kiasi. Kumbe inawezekana, pale ambapo aliyetengeneza anakula hasara mteja akishindwa. Ofisi inayokupa huduma ambayo huwezi kuipata kwingine haili hasara yoyote. Ukishindwa wewe, foleni yao inapungua.

Maombi ya mdogo wangu yalikwenda, kwa jina lenye tundu katikati ambalo si jina lake. Majibu hatujapata mpaka leo. Hatujui kama alikosa sifa, au kuna mtu alilinganisha karatasi mbili akaona ni watu wawili.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Pale mlangoni nimeweka daftari. Aliyekwama kwenye fomu yoyote ya mtandao aandike tarehe, ni fomu ya nini, ilikataa kitu gani, na alilipa shilingi ngapi kujaziwa. Likijaa nitalipeleka kwa wanaohusika na majibu yao nitayaandika gazetini. Nywila msiandike.