Fedha za Elimu Zipimwe kwa Faida Yake



Nimepewa fursa ya kusema machache juu ya fedha tulizochanga kwa ajili ya elimu ya watoto wetu. Fedha hizo ni amana, na haitoshi kuzitumia kwa jambo jema kwa kulitazama tu; yapasa tujue kama litawafaa waliokusudiwa.

Wengi wetu twadhani kwamba ukimpa mtoto kitabu umempa elimu. Dhana hiyo ilipimwa jirani kabisa na Uganda, katika wilaya za Busia na Teso nchini Kenya. Mwaka 1996, kati ya shule 100 za msingi, 25 zilichaguliwa kwa utaratibu usiopendelea yeyote, zikapewa vitabu, nyingine zikangoja. Kisha watoto wa pande zote mbili wakalinganishwa kwa mitihani. Wataalamu Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochapisha matokeo mwaka 2009, walieleza kuwa kwa jumla alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu awali. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu.

Je, tuseme vitabu havina faida? Hasha! Wanavyuoni wa hadithi hawakupokea habari mpaka wamechungua msimulizi wake na maneno yenyewe. Nasi utafiti tuuchungue vivyo hivyo: Nani aliyepima? Alilinganisha nani na nani? Na watoto wale wanafanana na wetu? Jibu la Busia si lazima liwe jibu letu, lakini swali lake ni letu.

Kwa hiyo naiomba Kamati, kabla ya kununua chochote, kila mtoto asikilizwe akisoma ukurasa mmoja wa kitabu kinachokusudiwa, na matokeo yaandikwe. Wakiwa wengi hawawezi, fedha itangulie kumlipa mwalimu wa kuwafundisha kusoma. Baada ya mwaka wasikilizwe tena, na matokeo hayo yasomwe mbele ya wachangaji wote, kama zisomwavyo hesabu za fedha.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wassalaam.