Gharama ya Vita Huwaangukia Nani?



Vita inapokwisha, makamanda huhesabu askari waliokufa na silaha zilizotekwa. Hesabu hiyo hufanywa kwa uangalifu, kwani kila askari ana namba yake, na jina lake limo katika daftari la kikosi. Ipo hesabu nyingine ambayo aghalabu haifanywi, nayo ndiyo kubwa zaidi.

Mwezi Mei, 1916, majeshi ya Ubelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Kigali, mji mdogo ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt. Wajerumani, ambao walikuwa wachache, walirudi nyuma. Kufika tarehe 19 Septemba, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuitwaa Tabora. Vitabu vya kijeshi husimulia safari hiyo kuwa ni ushindi wa haraka.

Ushindi huo ulibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Barabara za magari zilikuwa haba, na wanyama wa mizigo waliangamizwa na mbung'o. Kwa hiyo sanduku la risasi, gunia la unga, hata kitanda cha afisa, vyote vilichukuliwa na wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi kiasi cha milioni moja. Kumbukumbu rasmi zinakiri vifo vya watu 95,000 hivi, na wanahistoria wengi huiona idadi hiyo kuwa pungufu.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga wa mahindi, akaula haujaiva vizuri. Tumbo likaharibika, na mzigo wake ukapewa mwingine. Mtu wa milimani aliteremshwa mabondeni penye mbu. Ofisa yeyote wa ugavi anayesikiliza ataona mara moja kosa lilikuwa wapi. Wakubwa wa wakati ule nao waliliona, lakini mpagazi alikuwa rahisi kupatikana kuliko dawa.

Huko kaskazini-magharibi mwa Rwanda, upande wa Gisenyi, pande mbili zilikuwa zimekabiliana tangu 1914. Majeshi yalihitaji kula. Yalichukua maharage, yalichukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wenye nguvu za kulima. Ndipo ikaja njaa ambayo wananchi waliiita Rumanura, iliyowaangamiza watu wengi wa Bugoyi na jirani zake, pamoja na maradhi yaliyoifuata. Mwanamke aliyekufa Bugoyi na mwanawe mgongoni hakuwa na namba ya kikosi, wala hakujua kwamba mkuu fulani ameuawa Sarajevo.

Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Mwaka 1919 alipokewa Berlin kwa gwaride. Dar es Salaam ilijengewa sanamu ya askari mwenye bunduki mwaka 1927. Kumbukumbu mojawapo ya wapagazi katika mji huo ni jina la Kariakoo, palipokuwa na kambi yao; na wengi wanunuao vitunguu hapo hawajui jina hilo lilitoka wapi.

Mji wa Kigali unaelewa kazi ya kutafuta majina. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ni jambo jingine, lisilopasa kuchanganywa na vita vya wakoloni. Lakini pale Gisozi majina ya waliouawa yameandikwa ukutani, na mengine bado yanatafutwa.

Askari wa Rwanda waliolinda amani Darfur, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati wameyaona haya kwa macho yao: akina mama waliopanga foleni ya maji, na mashamba yasiyo na mtu. Watu wa Bugoyi hawakuwa na foleni ya kupanga. Waliokuwa na nguvu walitembea kwenda kutafuta chakula mahali pengine, na waliobaki walizikwa na majirani, pale walipokuwapo majirani.